Naogopa asije akaanguka: kusema wasiwasi wa usalama kwa Kihispania

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Sahare, Tanga. Kazi yangu ni kutembeza wageni: asubuhi mapango ya Amboni, jioni kisiwa cha Toten kwa boti. Kihispania nimejifunza kwa programu ya simu, huu mwaka wa pili, nayo inafundisha kwa kupitia Kiingereza. Wiki iliyopita upepo ulikuwa umechafua bahari. Mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Hispania, akaniuliza “¿Es seguro?” Nikataka kumwambia si salama sana, nikajibu “No estoy segura.” Akanikazia macho, akamgeukia mumewe wakasemezana, kisha akauliza kama yupo mwingine anayeijua kazi. Niliona aibu. Nahodha naye akaja juu: nimewaambia nini hata wamenuna? Naomba unifundishe. Nikiwa na wasiwasi au shaka na usalama, nisemeje kwa Kihispania nieleweke, nisimtishe mgeni, wala nisimvunjie nahodha heshima yake? Na nahodha akitaka kujibu mwenyewe, naye aseme “segura” kama mimi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa aibu iliyokupata. Sarufi hukuikosea hata chembe. “No estoy segura” ni Kihispania safi kabisa. Tatizo ni kwamba lilikuwa jibu la swali ambalo hukuulizwa. Mama wa watu kauliza kama kuna usalama, wewe ukamwambia huna uhakika. Sasa mtu anayepeleka wageni baharini, kasimama ufukweni, upepo unampeperusha mtandio, anasema “mimi sina uhakika”! Hata mimi ningeuliza kama yupo mwenzake.

Tuanze na neno lililokuangusha. Kihispania kimeibebesha “seguro” mizigo mitatu ambayo sisi tumewagawia wachukuzi watatu: salama, uhakika na bima. Kitenzi kinachotangulia ndicho kinachokuonyesha ni mzigo gani. Jambo likiwa salama, tumia “es”: “la barca es segura”, boti ni salama, “no es seguro salir ahora”, si salama kutoka sasa. Mtu akiwa na uhakika, tumia “estar”: “estoy segura”, nina hakika. Ikiwa nomino, “el seguro”, hiyo ni bima, na usishangae mgeni mmoja makini akikuuliza “¿La barca tiene seguro?” Anataka kujua kama boti imekatiwa bima. Ukimjibu “sí, muy seguro” ukidhani umemwambia ni salama mno, utakuwa kama muuzaji aliyeulizwa bei ya ndizi akasema ni tamu.

Kwa hiyo siku ile ulipungukiwa na neno moja tu. Ungesema “No es seguro”, mama angekushukuru.

Ukishalizoea hilo, hutababaika utakaposikia “¿Seguro que es seguro?” Hajirudii bila sababu. La kwanza ni uhakika, la pili ni usalama: una hakika ni salama? Na ukijibu, angalia sauti yako. “Sí, seguro” likisemwa kwa kuburuta, bila uso wa kucheka, Mhispania husikia kama sisi tunavyosikia “eeh, haya bwana” ya mtu asiyeamini. Mimi lilinipata Amboni. Mgeni kutoka Argentina aliniuliza kama tochi moja itatutosha mpaka tutoke upande wa pili, nikajibu “sí, seguro” huku nainama kufunga kamba za viatu. Akarudi garini kimya kimya kuchukua tochi yake. Tangu siku hiyo najibu jibu zima: “Sí, con una linterna basta.” Ndiyo, tochi moja inatosha.

Na sisi wenyewe tuna mtego wetu. Mswahili ukimuuliza “salama?” atakwambia “salama” hata kama usiku kucha alikuwa akikinga maji yanayovuja darini. Ni salamu, si taarifa. Usije ukaihamishia tabia hiyo kwenye “seguro”. Mgeni akiuliza, hakusalimu, anataka hesabu.

Yapo pia maneno ya kukukwepesha fundo lote hili. “Es peligroso” ni hatari, halina utata, ila ni kali. “Estamos a salvo” ni tuko salama, hatari imeshapita. Na ninalolipenda kuliko yote kwa kazi yako ni “prudente”. “No es prudente salir ahora”, si busara kutoka sasa. Hapo hujaitukana boti, hujamtukana nahodha, wala hujasema watu watakufa. Umesema busara haiko upande wa kutoka, basi.

Sasa hiyo programu yako. Sina ugomvi nayo, ila inakutoa Sahare kwenda Chumbageni kwa kupitia Muheza. Kiingereza kinasema mtu “ni” mwenye hofu, “ni” mwenye wasiwasi. Mswahili hasemi hivyo. Mswahili ana hofu, ana shaka, ana mashaka, vilevile anavyokuwa na njaa na kiu. Mhispania naye: “tengo miedo”, nina hofu, “tengo hambre”, nina njaa. “Tengo” ni “nina”, huna haja ya kupita kwa Mwingereza kuomba njia.

Halafu tazama tunavyosema bahari inapotuchukiza: “bahari inanitia wasiwasi”. Nani anatenda? Bahari. Mimi ni yule “-ni-” niliyebanwa katikati ya kitenzi. Kihispania kinasema hivyo hivyo: “me preocupa el mar”. Mawimbi yakiwa mengi, kitenzi kinayafuata mawimbi, hakikufuati wewe: “me preocupan las olas”, mawimbi yananitia wasiwasi. Ni kama ngeli zetu, ila wao wanaangalia umoja na wingi tu. Kwa hofu wanatumia kitenzi cha kupa: “me da miedo la cueva”, pango linanipa hofu, “me dan miedo los murciélagos”, popo wananitisha. Hili la popo utalisikia Amboni kila wiki. Wanafunzi wangu waliopitia Kiingereza huniandikia “yo preocupo el mar”, ambalo maana yake ni mimi ndiye ninayeitia bahari wasiwasi. Hilo tuwaachie wavuvi wa baruti.

Mpaka hapo umeweza kutaja kinachokusumbua: upepo, mawimbi, giza. Lakini wasiwasi wa kweli hauwi juu ya upepo. Unakuwa juu ya jambo ambalo bado halijatokea: mtoto kuanguka, injini kuzima, maji kupwa tukiwa mbali. Hapa ndipo vitabu vingi huanza kurefusha majedwali na wanafunzi huanza kusinzia. Mimi nitakueleza nilivyojifunza mwenyewe.

Nilisoma Havana miaka ya 1980. Jikoni kwenye bweni letu kulikuwa na mama mtu mzima tuliyemwita “tía”, shangazi, kama Wakuba wanavyowaita kina mama wanaohudumia shuleni. Kila nikitoka, lazima aniite: “Niño, llévate la capa, no vaya a ser que llueva.” Mtoto, chukua koti la mvua. Hapo nilielewa. Kilichofuata nikakisikia “no baya”, maana herufi v kwa Kihispania hutamkwa b. Masikio yangu ya Ngamiani yakaniambia shangazi anataja kitu kibaya. Nikaishi na dhana hiyo zaidi ya mwezi, na ukiitazama vizuri, haikuwa mbali na ukweli.

Kisha Novemba 1985 kikaja kimbunga Kate, kikapiga kaskazini mwa Kuba. Siku ile shangazi hakukaa chini. Anabandika utepe wa gundi kwenye vioo vya madirisha, msalaba kwa msalaba: “no vaya a ser que se rompan”, visije vikavunjika. Anatujazisha ndoo: “no vaya a ser que corten el agua”, wasije wakakata maji. Anatuingizia viatu ndani, anakunja nguo zilizoanikwa, na kila tendo lina “no vaya” yake. Nilikuwa nimeshika ndoo ya tatu ndipo nikasikia, ndani ya Kihispania chake, bibi yangu wa Tanga akizungumza. Asije akaanguka. Isije ikanyesha. Wasije wakachelewa. “Vaya” ni kitenzi cha kwenda, sisi tunatumia kitenzi cha kuja, lakini hofu ni ile ile na ujenzi ni ule ule: kitenzi cha mwendo, kimekanushwa, kimewekwa katika umbo lile la kutotaka jambo litokee.

Umbo lenyewe unalo mdomoni tangu utotoni. Ni lile la niende, tupande, usimame, ambapo “a” ya mwisho inageuka “e”. Wahispania nao wanageuza irabu ya mwisho, ila wao wana njia mbili. Vitenzi vya -ar vinatoka “a” kwenda “e”, kama sisi: “falla”, inaharibika, “falle”, iharibike. Vitenzi vya -er na -ir vinakwenda kinyume, “e” inakuwa “a”: “llueve”, inanyesha, “llueva”, inyeshe. “Sube”, anapanda, “suba”, apande. Vichache vina ukorofi wao na lazima uvikariri tu, na kwa kazi yako vinakutosha hivi: “sea” kutoka ser, “esté” kutoka estar, “haya” kutoka haber, “vaya” kutoka ir, na “caiga” kutoka caer, kuanguka.

Sasa unganisha. “Tengo miedo de que se caiga la niña”, naogopa mtoto asije akaanguka. “Me preocupa que falle el motor”, nina wasiwasi injini isije ikaharibika. “Agárrese, no se vaya a caer”, jishike usije ukaanguka. “Volvamos ya, no vaya a ser que nos quedemos varados”, turudi sasa, tusije tukakwama maji yakipwa. Kila mahali ambapo ulimi wako wa Tanga ungetaka kusema “-sije”, Kihispania kitataka umbo hilo. Kipimo hiki hakijawahi kuniangusha.

Kinapoangusha ni upande wa pili, pale ambapo Kiswahili hakibadilishi kitu na Kihispania kinabadilisha. Sisi tunasema “nadhani ni salama” na “sidhani kama ni salama”. Ile “ni” haitikisiki. Wao: “creo que es seguro”, lakini “no creo que sea seguro”. Ukishakanusha kuamini, hulidhamini tena hilo jambo, na kitenzi lazima kionyeshe kwamba umeondoa dhamana. “Dudo” nalo, nina shaka, limo kundi hilo: “dudo que lleguemos antes de la noche”, nina shaka kama tutafika kabla ya usiku. Na hapo pana kosa jingine la kwetu: tunataka kuweka wakati ujao kwa sababu sisi husema “tutafika”. Baada ya “dudo que” na “me preocupa que” usiweke wakati ujao. Weka hilo umbo la kugeuza irabu, nalo lenyewe linatazama mbele.

Jambo unalolidhamini linabaki wima, lisiloguswa. Chukua siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa ile tahadhari yake tunayoijua, upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na Tanga imetajwa. Hiyo ni taarifa, si hofu yako. Isemwe kama taarifa: “Hay aviso de viento fuerte y olas de dos metros.” Kisha ndipo shaka yako ifuate: “No creo que sea prudente salir.” Mpangilio huo, taarifa kwanza na wasiwasi baadaye, ndio unaokufanya usikike mtu wa kazi. Ukianza na “tengo miedo”, mgeni anaona msichana mwoga. Ukianza na “hay aviso”, anamwona kiongozi aliyesikiliza redio kabla ya kufungua kinywa. Kumbuka tu “hay” hutamkwa “ai”. H yao haina sauti.

Kuna kifungu kimoja kitakachokuokoa siku nyingi kuliko vyote, nacho kinafanana na hofu ilhali si hofu: “me temo que”. “Me temo que hoy no podemos salir” si kwamba unaogopa hamtaweza kutoka. Ni “samahani sana, leo hatutaweza kutoka”. Ni adabu ya kutoa habari isiyopendeza, na kwa kuwa habari yenyewe una hakika nayo, kitenzi kinabaki wima: “podemos”, si “podamos”. Ondoa ile “me” useme “temo que no podamos salir”, sasa ndiyo unaogopa kweli, na hujui.

Tukiwa hapo kwenye shaka, nikutahadharishe na neno “duda”. Mgeni akikwambia “tengo una duda”, usijihami. Hakushuku. Ana swali tu, kuna jambo hajalielewa. Walimu wote wa Havana walimalizia kipindi kwa “¿alguna duda?”, maswali? Nimewahi kumwona kijana wetu mmoja akiambiwa “tengo una duda” kuhusu saa ya chakula, akaanza kujitetea kwamba yeye ni mkweli na kibali anacho. Shaka yenyewe, ile ya kuguna, inakuja kwa wingi na kwa kumilikiwa: “tengo mis dudas”, nina mashaka yangu. Ukiisikia hiyo huku mtu anaangalia boti, basi hapo ndipo pa kueleza.

Wageni wenyewe, hata hivyo, mara nyingi hawatumii hata kimoja cha vifungu nilivyokufundisha. Wanauliza “¿Y si...?” tu. “¿Y si se para el motor?” Na injini ikizima? “¿Y si llueve?” Na mvua ikinyesha? Hii ni “-ki-” yetu tupu, haibadilishi irabu yoyote, na ndiyo sauti halisi ya wasiwasi wa mtu aliyelipia safari. Jibu lake si maneno ya kutuliza. Jibu lake ni kitu: “Hay otro motor a bordo”, kuna injini nyingine humu, “hay remos”, kuna makasia, “hay chalecos para todos”, kuna laifujaketi za watu wote. Kama hakuna, usiseme zipo.

Epuka kukimbilia “no pasa nada” na “tranquila”. La kwanza ni “haina neno”, la pili ni “tulia”. Mwenyewe akijisemea ni sawa. Wewe ukimwambia mtu ambaye amekuuliza jambo la maana, anasikia kama wageni wanavyoisikia ile “hakuna matata” inayouzwa kwenye fulana: ameimbiwa, hakujibiwa.

Na usione haya kwa kuwa na wasiwasi wenyewe. Sisi wa mwambao huu hatukuuokota barabarani. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mpaka leo wapo wanaohesabu vichwa kabla ya kuingiza mguu botini. Neno la hali hiyo ni “sobrecargada”, na Wahispania husema boti “inakwenda” hivyo: “la barca va sobrecargada”. Mgeni akiona ndoo, mafuta, mapipa ya barafu na watu kumi na nne, atasema “va muy cargada, ¿no?” Hiyo “¿no?” ya mwisho si kukataa. Anakuomba umjibu.

Amri sasa, maana wasiwasi mwingine hauna muda wa sentensi ndefu. Hapa napo Kiswahili kimekutangulia. Sisi tunaamrisha “panda!”, lakini tukikataza tunasema “usipande”, na tukitaka adabu tunasema “upande”. Kihispania: “¡sube!” kwa rafiki, “no subas” kumkataza, na “suba” kwa mtu unayemheshimu. Katazo na heshima vyote viwili vinatumia ile irabu iliyogeuzwa. Kwa wageni wako tumia heshima siku zote: “siéntese” kaa, “póngase el chaleco” vaa laifujaketi, “no se levante” usiinuke. Wakiwa wengi ongeza n: “siéntense”, “pónganse”, “no se levanten”. Wahispania wenyewe wakizoeana wana maumbo mengine ya wingi, “sentaos” na ndugu zake. Usijisumbue, hayo ya heshima yanaeleweka kuanzia Madrid hadi Buenos Aires. Ndani ya Amboni yanatosha mawili, “cuidado con la cabeza”, angalia kichwa, na “aquí resbala”, hapa panateleza, na uyaseme kabla hujapita wewe, si baada ya kusikia mtu kajigonga.

Ila kitenzi kimoja nikuonye, maana mimi kilinivua nguo. Kuba na Hispania hutumia “coger” kwa kushika na kuchukua, asubuhi mpaka jioni. Nikarudi nacho nyumbani bila wasiwasi, mpaka siku nilipowaambia Wameksiko wanne, tukishuka kwenye ngazi ya boti, wote kwa pamoja “coger” kamba. Walicheka hadi boti ikayumba. Kwao Meksiko, na Argentina vilevile, kitenzi hicho ni cha chumbani, na si cha kusemwa mbele ya wakwe. Wewe sema “agarre la cuerda”, shika kamba. Hakina aibu popote.

Sasa nahodha, ambaye nadhani ndiye anayekuumiza kichwa kuliko sarufi. Una njia mbili. Ya kwanza ni “-nge-”. “Yo que usted, esperaría”, ningekuwa wewe ningesubiri. “Yo no me bañaría aquí”, mimi nisingeoga hapa. Unatoa rai yako bila kuamrisha, na mgeni anaelewa kabisa kwamba ameambiwa asiingie majini. Ya pili, na ndiyo ningeitumia siku ile, ni kumweka nahodha ndani ya sentensi: “El capitán y yo preferimos esperar a que baje el viento.” Mimi na nahodha tunaona heri kusubiri upepo upungue. Tazama “baje”: kutoka “baja”, a imekuwa e, kwa kuwa upepo bado haujapungua. Ila kwanza umuulize mwenyewe kwa Kiswahili, kando, kwa heshima yake, “Nahodha, kwa upepo huu tungojee kidogo?” Usimsemee mtu ambaye hukumwuliza. Manahodha wengi wa Tanga wanajua neno “capitán” likitajwa, wanageuka.

Uchunge na “no me fío”. Ni kifungu cha kweli na utakisikia: “no me fío de este viento”, siuamini upepo huu. Kwa upepo, wingu au kamba iliyochakaa, sema utakavyo. Kwa mtu, “no me fío de él”, ni tusi kamili. Mwenzake mpole zaidi ni “me da mala espina”, ambao wanautumia mtu anapoona kuna namna. “Espina” ni mwiba, wa mti na wa samaki, kama sisi tunavyouita mwiba wote wawili. Jambo linakupa mwiba mbaya. Mtoto wa Sahare aliyelelewa kwa samaki hahitaji mwalimu amweleze hofu ya namna hiyo ilivyo.

Nawe usisahau kwamba unayo bahari nzima ya maneno yanayofanana. Maji yakiwa mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mabaharia wa Kihispania nao wanayaita “aguas muertas”, maji mafu, neno kwa neno. Nilimwambia hivyo mzee mmoja kutoka Galicia tukiwa tunakaribia Toten, nikamwongezea kwamba jina la kisiwa ni la Kijerumani na maana yake wafu. Akasema mbona kila kitu huku kimekufa, nikamwambia boti ndiyo hai. Na kuna “ojalá”, ambayo iliingia Kihispania kutoka Kiarabu ikiwa na jina la Mungu ndani yake, kama inshallah yetu. J hiyo itamke kh, kama ya kheri. “Ojalá no llueva”, inshallah mvua isinyeshe. Sema hivyo, mgeni atatabasamu, nawe utakuwa umegeuza irabu bila kujua.

Umeniuliza pia, pale mwisho wa ujumbe wako, kama nahodha akitaka kujibu mwenyewe aseme “segura” kama wewe. Hapana. Yeye mwanamume, atasema “estoy seguro”; wewe “estoy segura”. Boti akiiita “barca” ni ya kike, kwa hiyo “es segura”. Akiiita “bote” au “barco” ni ya kiume, “es seguro”. Lakini amwambie mgeni hivyo akishahesabu laifujaketi.